Chini ya kila shairi, mahali na tarehe

Kaskazini-mashariki mwa Italia, karibu kabisa na mpaka wa Slovenia, kuna kijiji kiitwacho San Martino del Carso. Kimekaa juu ya mawe ya chokaa, mahali ambapo hata maji ya mvua hayatulii, humezwa na mashimo ya ardhini. Mtu wa mbali hangekuwa na sababu ya kukijua. Lakini mwanafunzi wa sekondari wa Palermo, huko mwisho wa kusini wa nchi, anakijua. Vita Kuu ya Kwanza ilikibomoa, kweli, ila ilibomoa vijiji vingi ambavyo leo hakuna anayevitaja asipokuwa na kaburi la babu yake huko. San Martino kimebaki midomoni mwa watu kwa ajili ya shairi la mistari 12. Aliyeliandika alikuwa askari wa miguu asiye na nyota begani. Juu ya shairi aliweka jina la kijiji, na chini yake akaandika bonde alimokuwa amejibanza pamoja na siku yenyewe: 27 Agosti 1916.

Askari huyo ni Giuseppe Ungaretti, mmoja wa watu walioubomoa ushairi wa Kiitaliano na kuujenga upya. Nimemleta kwenye ukurasa huu kwa sababu ya kijiji cha kwetu, Vitshumbi, na kwa sababu ya tabia yake moja ambayo sisi watu wa Kivu hatujaizoea: kuweka mahali na tarehe chini ya maumivu yake.

Msomaji wa Goma hahitaji kuelezwa Vitshumbi iko wapi, lakini wa Tanga na wa Mombasa anahitaji. Ukitoka Goma kwa barabara ya Rutshuru unapita Kiwanja, unapita Mabenga, unafika Rwindi, kisha unaiacha barabara kuu na kuteremka hadi ufuo wa kusini wa Ziwa Edward. Kijiji chote kimo ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, kwa hiyo kulima ni marufuku. Unga, ndizi na maharagwe huletwa kutoka nje. Kinachotoka ni samaki, tilapia na kambare, wabichi, wa moshi na wa chumvi. Korongo marabu hutembea katikati ya watu, wakisubiri matumbo ya samaki yatupwe. Usiku kiboko naye hupita kati ya nyumba, na hakuna anayegombea naye njia. Upande wa Kongo, sheria inavitambua vijiji vitatu tu vya uvuvi kwenye ziwa hilo: Vitshumbi, Nyakakoma na Kyavinyonge.

Sasa jiulize ni lini mara ya mwisho ulisikia jina la Vitshumbi redioni. Ama wavuvi walikuwa wamekamatwa na askari wa majini wa Uganda kwa kuvuka mpaka usioonekana juu ya maji, ama wenye bunduki walikuwa wamekiteka kijiji, kama waasi wa M23 walivyofanya Machi 2024. Siku mbili tatu jina linazunguka, halafu linazama. Kijiji kinaishi katika lugha ya msemaji wa jeshi na ya ripoti za mashirika: kimeshikwa, kimeachwa, kimeshikwa tena, kaya kadhaa zimehama. Mahali pametajwa na tarehe imetajwa, ila mtu hayumo.

Upande wa pili tuna nyimbo. Za kwaya na za vijana wa mjini, nyingi nzuri, zinazolilia amani ya Kivu. Humo mtu yumo, analia kweli, lakini hujui analilia kijiji gani wala mwaka gani. Wimbo wa kulilia amani uliotungwa 1998 unaweza kuimbwa leo bila kubadilishwa neno, na wengi wanaona hiyo ndiyo sifa yake. Mimi naona ndiyo kasoro yake. Vita yetu imekuwa ndefu hivi hata imeanza kuonekana kama hali ya hewa, na wimbo usio na tarehe unaisaidia ionekane hivyo.

Ungaretti hakuzaliwa Italia. Alizaliwa Alexandria, Misri, Februari 1888. Wazazi wake walikuwa wametoka vijijini karibu na Lucca. Baba alikuwa kibarua kwenye Mfereji wa Suez na alifariki mtoto akiwa na miaka miwili. Mama alibaki na tanuri la mikate pembezoni mwa mji, upande ambako jangwa linaanzia, na kwa tanuri hilo akawalea watoto na kuwasomesha. Nyumbani kulikuwa na mlezi Msudani. Shuleni alisomeshwa kwa Kifaransa. Mtaani kulisemwa Kiarabu. Kiitaliano kilikuwa lugha ya mama na ya mikate. Nchi yenyewe ya Italia aliikanyaga kwa mara ya kwanza mwaka 1912, akiwa na miaka 24, tena akipita tu kwenda Paris, ambako alimsikiliza mwanafalsafa Bergson na kufanya urafiki na mshairi Apollinaire.

Alikuwa na rafiki wa Alexandria, Mwarabu, Mohammed Sceab. Walisoma pamoja na Paris wakaishi hoteli moja. Sceab alijaribu kuwa Mfaransa, hakuweza. Kurudi kwenye hema la wazee wake na usomaji wa Kurani hakuweza pia. Mwaka 1913 alijiua. Miaka mitatu baadaye, akiwa vitani, Ungaretti alimwandikia shairi la kumbukumbu, na namba ya nyumba na jina la mtaa wa ile hoteli vimo ndani ya shairi. Wako waliosema anwani si kitu cha kutia kwenye ushairi. Lakini bila ile anwani Sceab angekuwa mhamiaji mmoja kati ya maelfu.

Italia ilipoingia vitani 1915, Ungaretti alichukuliwa katika kikosi cha 19 cha askari wa miguu, akapelekwa Carso, kwenye miteremko ya mlima San Michele, kupigana na Waaustria na Wahungaria. Hapo watu waliishi ndani ya mahandaki yaliyochimbwa kwenye mwamba, na bomu likianguka, vipande vya jiwe viliua sawa na vipande vya chuma. Tarehe 29 Juni 1916 mlima huo ulipigwa kwa gesi ya sumu. Italia ilipoteza zaidi ya askari nusu milioni katika vita ile.

Katika mazingira hayo mtu haandiki utenzi. Ungaretti aliandika kwenye chochote kilichopatikana, kadi za posta, pembe za magazeti ya zamani, nafasi nyeupe za barua alizopelekewa, na vipande hivyo alivitia kwenye mkoba wake wa askari pamoja na chakula. Alifuta alama za vituo na kuukatakata mstari hata ukabaki na neno moja. Shairi lake la Desemba 1915 linasimulia usiku mzima alioulala ubavuni mwa mwenzake aliyeuawa, na jinsi usiku huo ulivyomfanya aandike barua zilizojaa mapenzi. Jingine lina wanajeshi wanaokutana gizani na kuulizana kikosi. Jingine, la Agosti 1916, linaihesabu mito minne ya maisha yake: Isonzo ya vitani, Serchio ya wazee wake, Nile ya utoto, Seine ya Paris. Shairi lake linalojulikana kuliko yote, la Januari 1917, lina maneno manne tu, lakini hata hilo lina mahali na tarehe chini yake.

Sisi tulikuwa wapi wakati huo? Katika vita ileile. Mwaka 1916 jeshi la Wabelgiji, Force Publique, lilianzia safari zake pande hizi za Kivu, likapita Rwanda na Burundi na kuingia Tabora tarehe 19 Septemba. Lilibebewa mizigo na maelfu kwa maelfu ya wapagazi, na wengi hawakurudi. Siku kumi na moja baada ya Tabora kuanguka, Ungaretti aliandika lile shairi la Sceab. Wabelgiji wameacha vitabu na medali. Wapagazi wetu walikuwa na nyimbo, hakuna mpagazi asiyeimba, lakini sijaona ubeti mmoja wa mpagazi wa Kivu uliohifadhiwa na jina la kambi na siku yake. Pwani walikuwa wametangulia kuona umuhimu huo: Hemedi bin Abdallah alikuwa ameshatunga utenzi wa kuingia kwa Wadachi Mrima, na Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi utenzi wa vita vya Majimaji. Kwa hiyo Kiswahili kimekuwa kikiandika vita kwa zaidi ya miaka mia moja. Kilichopungua ni Kiswahili cha bara la magharibi, cha ng'ambo ya maziwa.

Nikisema nasi tuandike kama Ungaretti, najua pingamizi la kwanza. Mistari mitatu isiyo na vina, isiyo na mizani, nayo ni shairi? Ugomvi huo ulipiganwa zamani na waliokuwa na ujuzi kuliko mimi. Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa 1944 Ukerewe, kisiwa cha wakulima na wavuvi ndani ya Ziwa Viktoria, alitoa diwani yake Kichomi mwaka 1974, na wanamapokeo wakamrukia. Mulokozi na Kahigi walifuata na Malenga wa Bara. Wapinzani walisema hiyo ni nathari iliyokatwa vipande, na wachache walikwenda mbali zaidi wakaiita usaliti. Leo Kezilahabi, aliyefariki Januari 2020, anasomwa vyuoni pamoja na Shaaban Robert, na mwaka 1987 mashairi yake teule yalitoka kwa Kiitaliano huko Napoli kwa kazi ya Elena Bertoncini. Kwa hiyo Waitaliano wamemsoma mshairi wetu wa ziwani, na hakuna ubaya sisi kumsoma wao wa mahandakini.

Kwa wanamapokeo niongeze jambo ambalo huenda litawafurahisha. Shairi moja fupi la Ungaretti kuhusu wanajeshi, la Julai 1918, limeandikwa katika mistari minne. Lakini iunganishe mistari hiyo miwili miwili na uhesabu: unapata mistari miwili kamili ya mizani saba saba, mizani ya Waitaliano wa kale. Mtu huyu hakuikimbia kanuni kwa kutoijua. Alivunja mstari ili msomaji avute pumzi pale alipovuta yeye akiwa handakini. Vita ilipokwisha alirudi kwenye mizani za kale, hasa ile ya silabi 11, na diwani yake ya 1933 imejaa hizo. Wenye kudhani ushairi huru ni njia ya mkato wamuulize.

Tena ufupi si mgeni kwenye Ziwa Edward. Mwaka 1950, Ishango, kwenye ufuo wa kaskazini wa ziwa hilohilo ambapo mto Semliki unatokea, mwanajiolojia Mbelgiji Jean de Heinzelin alifukua mfupa wenye mikwaruzo iliyopangwa safu tatu, wa miaka ipatayo 20,000. Wataalamu bado wanabishana kama ni hesabu, kalenda au alama za kushikia tu. Mfupa wenyewe uko Brussels, kama ilivyo kawaida ya vitu vyetu. Aliyeuchora aliona jambo linastahili kuwekewa alama, akaweka alama, akaendelea na samaki wake.

Pingamizi la pili huwa halisemwi kwa sauti kubwa, lakini nadhani ndilo linaloua zaidi: Kiswahili chetu hakifai kuandikiwa. Kijana wa Goma akitaka kuwa mshairi anaandika Kifaransa, maana ndicho cha shule. Akitaka Kiswahili anakimbilia sanifu ya Tanzania na kuandika kama mtu aliyevaa suti ya kuazima. Kile anachosema na mama yake, chenye Kinande, Kihunde, Lingala na Kifaransa ndani yake, anakiacha mlangoni. Hata mimi nimeandika makala hii kwa sanifu, maana gazeti linataka isomwe Dodoma pia. Lakini makala si shairi. Wale vijana wa Goma Slam Session wameanza kuonyesha njia jukwaani, wakichanganya Kifaransa na Kiswahili cha mtaani bila kuomba radhi. Kazi ya jukwaani ni hewa, hata hivyo. Inatakiwa kushuka kwenye karatasi. Na asiniambie mtu kwamba Kiswahili cha Kongo hakijawahi kuandikwa: mwaka 1965, Lubumbashi, André Yav aliandika historia ya mji ule kwa niaba ya watumishi wa majumbani, kwa Kiswahili chao kilekile, na wanahistoria wa dunia wanakitegemea kijitabu hicho hadi leo.

Ungaretti naye angeweza kubaki na Kifaransa. Alikijua vizuri, na mwaka 1919 alichapisha Paris kijitabu cha mashairi ya vita kwa lugha hiyo. Kazi ya maisha yake aliifanya kwa lugha ya tanuri la mama yake.

Sitaki nimpambe. Mwaka 1923 kitabu chake cha vitani kilichapishwa upya, na dibaji yake iliandikwa na Benito Mussolini, aliyekuwa ameshika serikali mwaka mmoja tu. Mwaka 1925 Ungaretti alitia sahihi tamko la wasomi waliomuunga mkono Mussolini. Mwaka 1942 aliingizwa kwenye Chuo cha Kifalme cha Italia, heshima iliyotolewa na utawala huo, na vita ilipokwisha ilibidi ahojiwe kabla ya kuendelea kufundisha Roma. Mshairi aliyelala na maiti ubavuni, aliyewaita wanajeshi wenzake ndugu, akaenda kusimama na wanaume wa Mussolini wa mashati meusi. Wako wanaotetea kwamba alikuwa maskini, mwenye mke na watoto, mwenye kiu ya kuwa wa mahali fulani baada ya kuwa mgeni kila mahali. Naielewa hoja hiyo, lakini siikubali. Kongo tunalijua jambo hili kwa jina: libanga. Mwanamuziki analipwa, analitupa jina la mheshimiwa katikati ya wimbo, na wimbo unaendelea. Kwa Ungaretti libanga ilikuja kinyumenyume, mheshimiwa ndiye aliyelitupa jina lake mbele ya kitabu cha mshairi. Kivu ya leo ina waheshimiwa wa kila sare wanaotafuta kusifiwa, na wengi wao wanalipa papo hapo.

Adhabu yake nyingine haikutoka kwa wanadamu. Alikuwa Brazil, profesa São Paulo, mwanawe Antonietto alipofariki 1939 akiwa na miaka tisa. Mashairi ya msiba huo yalitoka 1947. Alifariki Milano Juni 1970.

Nirudi kwenye karatasi za mkobani, maana hapo ndipo ninapoona kazi yetu. Zile karatasi zingeozea Carso pamoja na mwenyewe kama si ofisa mmoja kijana, Ettore Serra. Alikutana na askari huyu mchafu nyuma ya mstari wa vita, akazungumza naye, akagundua ana mashairi, akayachukua. Desemba 1916 Serra aliyachapisha Udine, mji uliokuwa karibu na mapigano, katika nakala 80. Kitabu kiliitwa Il porto sepolto, kwa kumbukumbu ya bandari ya kale iliyozama baharini mbele ya Alexandria. Nakala 80 ni chache kuliko watu wanaojazana kwenye lori moja la samaki, na kwazo ushairi wa Kiitaliano uligeuka.

Sina wasiwasi kwamba Vitshumbi ina watunzi. Mwanamke anayepanga samaki wa chumvi na aliyehama na kurudi mara nyingi kuliko anavyotaka kuhesabu ana mistari mitatu ndani yake, na mvuvi aliyemwacha mwenzake majini ana minne. Waliokaa kwenye kambi za wakimbizi za Kanyaruchinya na Bulengo hadi zilipovunjwa Februari 2025 wana diwani nzima. Kinachokosekana ni akina Serra. Walimu wa sekondari wangeweza kuwa wao, pamoja na watangazaji wa redio za jamii, maparoko, wauguzi, na wenye vibanda vya fotokopi pale mjini ambao siku nzima wananakili fomu. Kunjo mbili za karatasi ya A4 ni kitabu. Mkusanyaji asirekebishe Kiswahili cha mtu. Asiongeze neno amani pale ambapo mwenyewe hakulisema. Asitafute dibaji ya gavana wala ya kamanda.

Liko suala la usalama, na mwenye kuishi chini ya bunduki ya mtu ana haki ya kuuliza. Jina la mtunzi linaweza kuachwa. Nyimbo za wapagazi nazo hazikuwa na majina. Kitu ambacho mkusanyaji asikubali kukiacha ni mstari wa mwisho, ule mdogo wa chini: Vitshumbi, Nyakakoma, Nyanzale au Kibirizi, na siku yake.